Siku Tuliyomlilia Skolastika Akiwa Kisimani

Haki ya Mungu aliyeniumba, yote nitakayosema hapa ni kweli tupu. Nikiongeza hata neno moja, ulimi wangu uote majipu. Wanaosema Mzee Mihayo Kapaya ni mwongo ni watu wa hapa hapa stesheni, na wananionea wivu tu, kwa sababu nimekuwa karani wa mizigo katika ghala la reli miaka thelathini na mmoja bila kukanyaga darasa hata siku moja. Kusoma nilijifunza kwenye lebo za mizigo. Atakayebisha na alete lebo, nimsomee.

Jana alasiri mjukuu wangu Kalunde na wenzake watatu walirudi kutoka mkutano wa zahanati, wakakaa jikoni kwangu kunisaidia kupukuchua mahindi ya mbegu. Nesi mpya, ambaye mimi nilikuwa bado sijamwona, alikuwa amewafundisha wanawake na wasichana jinsi ya kujipapasa matiti wakitafuta uvimbe. Alimaliza kwa kusema, "Mficha maradhi kilio humuumbua."

"Babu," Kalunde akaniuliza, "hivi nani alianza kusema hivyo?"

"Mmefika penyewe," nikamjibu. "Mficha maradhi kilio humuumbua. Methali hiyo ilizaliwa hapa hapa stesheni, na aliyeizalisha ni mimi."

Wakaangua kicheko.

"Chekeni, lakini mikono isisimame. Mwanzo wake ulikuwa huu."

Miaka kumi na sita iliyopita, ghalani kwetu alikuwapo mwanamke mmoja wa Kingoni, Skolastika Gama. Kazi yake ilikuwa kushona midomo ya magunia. Ile sindano ndefu ya magunia, shazia, ilikaa mkononi mwake kama kidole cha sita. Gunia la karanga alilifunga kabla wewe hujamaliza kupiga chafya. Mumewe alikuwa amekufa kwa malaria, akamwachia watoto wawili: Devota, wa miaka kumi na mitano, na Fokasi, wa miaka tisa.

Mimi Mnyamwezi, yeye Mngoni, kwa hiyo tulikuwa watani tangu mababu zetu walipopigana mpaka wakachoka. Ninyi vijana wa simu hamjui utani. Mtani anaweza kukusema mbele ya mkweo, anaweza kuingia kwako akabeba kuku, na huna pa kushitaki. Ukifa, huyo huyo ndiye anayelala kaburini mwako na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Huja kuwachekesha wafiwa, ili waliobaki wasife nao.

Kila asubuhi alikuwa akiniamkia, "Mpagazi, leo umebeba nini, au bado unangoja msafara wa pwani?"

"Nangoja Wangoni mmalize kula kumbikumbi," nilikuwa nikimjibu. "Mlitoka kusini kuja kutuibia ng'ombe, mkaishia kutushonea magunia!"

Masika moja nikamwona anashonea mkono wa kushoto. Nikamtania kwamba ule wa kulia ameuweka rehani kilabuni. Hakujibu. Siku ya pili nikamtania tena, hakujibu. Mtani asiyejibu ama amekasirika ama anaumwa, na mtani hakasiriki. Basi Alhamisi nikaingia jikoni kwake kwa haki yangu ya utani, nikabeba debe lake la unga, ili aje kulikomboa kwa matusi kama ilivyo ada.

Hakuja. Jioni nikaona bora nisonge ugali wa wizi halali. Nikachota, nikachota, mkono ukagusa mfuko wa nailoni chini kabisa ya debe. Ndani mlikuwa na barua ya hospitali ya mkoa.

Ilikuwa ya Kizungu, na mwandiko wenyewe kama kuku amepita kwenye majivu. Lakini juu kulikuwa na muhuri mwekundu wa neno moja, na neno hilo nililijua kuliko jina langu. Lilikuwa likibandikwa kwenye makreti ya vifaranga na masanduku ya chanjo, na kwetu ghalani lilikuwa na maana moja tu: mzigo huu usilale stesheni. Nikatazama tarehe. Barua ilikuwa imelala ndani ya unga miezi minne.

Wajukuu zangu, sikusonga ugali. Nilijitwika debe nikamrudishia. Nilimkuta peke yake anachambua mchicha. Akalitazama debe, akanitazama mimi.

"Umekula?"

"Sikula. Nimesoma."

"Wewe hujui Kizungu."

"Najua neno moja."

Akainuka, akafunga mlango. Akaniambia ni saratani ya titi, na kwamba daktari alimtaka awe Mwanza, kwenye hospitali kubwa, wiki ile ile.

"Sasa mbona hukwenda?"

"Nikienda, watu watajua. Wakijua, wajomba na baba zao wadogo watakuja kugawa watoto." Alisema hivyo huku anachambua mchicha. "Mama yangu aliugua, hata hajakata roho, wakakaa kikao. Mimi nikapewa wa Mbinga, dada akapewa wa Tunduru, mdogo wetu wa mwisho nilimwona tena nikiwa na mimba ya Devota. Tuligawanywa kama vyombo, mama anasikia chumba cha pili. Wangu hawatagawanywa. Nangoja Fokasi amalize darasa la saba."

"Fokasi yuko la tatu!"

"Hesabu naijua, mpagazi."

Akaniapisha kwa kaburi la mama yangu kwamba sitamwambia mtu. Nikaapa. Nikatoka pale. Nimebeba magunia ya kilo mia, lakini kiapo kile kilinilemea kuliko yote. Siku mbili sikula, nikiwaza. Jumamosi asubuhi ndipo akili ikanijia: nimeapa nisimwambie mtu. Sikuapa nisilie.

Nikangoja Skolastika atoke na ndoo kwenda kisimani. Nikajipaka majivu usoni, nikajifunga kamba kiunoni, nikajilaza kizingitini kwake, nikapiga kilio cha msiba. "Skolastika wetu! Umetuacha, mshona magunia! Nani atafunga midomo yetu?" Nililia kwa sauti iliyosimamisha treni ya mizigo. Dereva alishuka kuuliza kuna nini.

"Babu!" Kalunde akaguna.

"Alishuka, nakwambia, na kofia kavua."

Kufumba na kufumbua palijaa watu mia nne.

"Mia nne? Stesheni hii?"

"Hesabu na waliokuwa kwenye treni!"

Wanawake walikuja na kuni na unga, wanaume na mikeka na mabenchi. Katekista alikuja na kitabu chake cha sala, vijana wakawa wanaulizana majembe yako wapi. Mnajua msiba wa kwetu hausubiri mwaliko. Na katikati ya vilio hivyo, huyo Skolastika anatokea njiani, ndoo kichwani.

Kilio kilikatika kama uzi. Mama Nyanzobe, jirani yake, mwanamke mnene na wa heshima zake, aliruka ua kama mbuzi.

"Nani amekufa?" Skolastika akauliza.

"Wewe," nikamjibu nikiwa bado nimelala.

"Lini?"

"Bado. Tumetanguliza kilio, ili na wewe usikie."

Hapo nikasimama, nikajikung'uta majivu, nikafungua kikao cha ukoo kama mzee mwenye busara. "Ndugu zangu, marehemu ameacha watoto wawili. Nani anamchukua wa kwanza?"

Ndoo ikaanguka. "Wanangu hawagawanywi!"

"Basi usife!" nikamwambia. "Watoto tuwaache kwenye vitanda vyao, tugawane kazi."

Alitoa barua kwenye pindo la kanga, akampa katekista aisome. Kila mtu alikuwa ametazama kuni alizoshika, kama anajiuliza amekuja nazo kufanya nini. Kisha Mama Nyanzobe akarudi, safari hii kwa kupita mlangoni. Akasema, "Mimi nitalala hapa na watoto. Nakoroma, lakini nitalala hapa." Katekista akajitwika habari za shule ya Fokasi. Wenzetu wa ghalani wakasema magunia yake watayashona kwa zamu mpaka arudi, nafasi yake isichukuliwe na mtu. Na mimi nikamsindikiza kwa treni hadi Mwanza, safari ya kwanza na zile zilizofuata. Walimkata titi, wakamtundikia zile dripu zinazokausha nywele na hamu ya kula. Kila aliporudi alikuta maji kwenye mtungi na watoto kwenye vitanda vyao.

"Tangu hapo," nikamalizia, "mtu akificha homa hapa stesheni, wenzake humwambia: mficha maradhi kilio humuumbua. Na kilio chenyewe mwenyewe ni huyu hapa."

Nikajipiga kifua. Wasichana walikuwa wametulia kabisa. Nikadhani nimewapata.

"Babu," Kalunde akasema, "na watoto wake? Wakati wewe unalia pale, walikuwa wapi?"

"Walikuwa kwa katekista, kwenye mafundisho."

"Katekista si alikuwa msibani, na kitabu cha sala?"

Nikatia mkono kwenye ungo wa mahindi, nikatafuta punje ambazo hazikuwepo.

"Fokasi alikuwa anachunga mbuzi," sauti ikasema mlangoni. "Mimi nilikuwa njiani natoka mashineni kusaga. Shikamoo, mpagazi."

Gunzi likanidondoka. Ilikuwa sauti ya Skolastika yenyewe, neno kwa neno, ikitoka kwa mwanamke wa miaka thelathini hivi aliyevaa sare nyeupe.

"Nesi Ngonyani!" wasichana wakasimama.

"Kaeni, kaeni," akasema. "Ngonyani ni jina la baba. Babu yenu ananijua kwa la ubatizo. Nimehamishiwa hapa wiki mbili zilizopita, nikasema nije nimsalimu mtani wa mama. Nimefika ukutani pale wakati treni ya hadithi yake inasimama."

Nikamkazia macho. "Devota?"

"Ndiye." Akajikalia juu ya kinu kilichopinduliwa. Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika. "Kwanza, watu walikuwa kumi na wanane. Nawajua mmoja mmoja, kwa sababu ndio waliotulea. Pili, Babu, umesahau kuwaambia teke."

"Teke gani?" Kalunde akauliza.

"Mama alipomkuta kizingitini alimpiga teke la mbavu."

Wasichana wakacheka mpaka punje zikamwagika. Devota naye akatabasamu kidogo, kisha akaacha.

"Akawaambia watu, 'Mimi mzima kama ng'ombe! Huyu Mnyamwezi kalewa.' Na wakamwamini. Wakasema, utani huo. Wakaanza kubeba kuni zao kwenda makwao. Kikao hakikuwepo. Babu yenu alikuwa amekaa chini kashika mbavu, hana neno. Mambo yalikuwa yamekwisha, na barua ingerudi kwenye unga."

Nikatazama miguu yangu.

"Mimi nilikuwa nimefika kwenye kivuko cha reli, na kapu la unga kichwani," akaendelea. "Bibi mmoja akanishika mkono. Akaniambia, 'Pole mwanangu, Mungu ametoa, Mungu ametwaa.' Nikamuuliza, nani? Hakunijibu, akanifunika na kanga yake. Hapo nikajua. Nikamponyoka, nikakimbia. Kapu lilianguka wapi, sijui hadi leo. Nilipofika nikamwona mama amesimama uani. Sikuona mama. Niliona mzimu. Nilipiga ukelele ambao bado unaniamsha usingizini."

Hakuna aliyekuwa akipukuchua tena.

"Kisha nikamrukia nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote, nione kama ni mtu. Mama akapiga yowe. Akanisukuma, akajikunja, mkono kifuani. Nikamuuliza, 'Mama, una nini hapo?' Akasema, 'Sina kitu.' Nikalia. Nililia mpaka waliokwisha kufika barabarani wakarudi, kuni vichwani. Mama alikuwa anawatazama wao, ananitazama mimi, anawatazama wao. Mwisho akakaa chini kwenye tope la ndoo iliyomwagika. Akauchukua mkono wangu akauingiza chini ya kanga. Nikagusa. Kilikuwa kigumu kama kokwa la embe."

Msichana mmoja akaweka kiganja kifuani mwake, bila kujijua.

"Mama Nyanzobe ndiye aliyesema hakuna mtoto atakayetoka katika nyumba ile. Hilo la kukoroma ni kweli, na alikoroma miezi minane." Akanigeukia. "Na kumsindikiza mama Mwanza ni kweli pia, sikunyimi. Uliuza baiskeli yako ukasema imeibiwa. Lakini kutoka kwenye kivuko cha reli hadi nyumbani ni dakika kumi, Babu. Dakika kumi nilikuwa yatima."

Mimi ni mtu wa maneno. Nimejibishana na mabwana stesheni wanne na wote walistaafu kabla yangu. Jana nilikaa na mdomo wazi kama gunia ambalo halijashonwa. Miaka kumi na sita nimeisimulia hadithi hii, na kila mara nimewaweka watoto mahali pengine: kwa katekista, kwa shangazi, safari moja niliwapeleka hata Kigoma. Nilimwona Devota siku ile akitokea njiani, mguu mmoja una kiatu, mmoja hauna. Nilikuwa karibu kuliko wote. Sikumwambia kitu wakati ule, wala baadaye.

"Sikujua kama umo njiani," nikasema.

"Hukuuliza."

"Sikuuliza. Nisamehe, mwanangu."

"Watani hawasameheani, Babu. Hutozana faini."

"Taja."

Akatazama nje, macho yakatua kwa jogoo wangu mwekundu, ambaye nilikuwa namtunza kwa Pasaka. "Huyo. Na hawa wasichana uwasimulie upya, ukiwa umesimama. Sehemu yangu usiiruke."

"Jogoo mchukue."

"Na ile methali," akasema, "bibi yake mama alikuwa akiisema kule Peramiho kabla reli haijafika hapa."

Kalunde akapiga makofi. "Uongo wa pili! Babu, lipa!"

"Tetea yule mwenye kilemba," nikasema. "Mchukueni, mnimalize."

"Tetea nitampelekea mama," akasema Devota. "Yuko Namtumbo, ana titi moja, wajukuu wawili na shamba la mahindi linalomshinda. Kila nikimpigia simu huniuliza kama mpagazi wake bado anatembea, au sasa anabebwa yeye."

Hapo nilicheka, na machozi yakatoka, sijui lipi lilitangulia. Kisha nikasimama kulipa. Magoti yalilia, lakini nilisimama. Nikaanza upya, tangu mkono wa kushoto hadi barua, bila treni, bila mia nne, na teke nikaliweka mahali pake. Hadithi ikawa fupi kuliko nilivyoizoea. Nilipofika kwenye kivuko cha reli sauti ilikwama. Devota alikuwa amekamata jogoo kwapani, ananingoja, hakunisaidia hata kwa neno. Nikaikwamua mwenyewe. Nikasema alivyotokea, na kiatu kimoja, na ukelele, na kwamba mimi niliyejipaka majivu nilikuwa nimekaa chini nashika mbavu zangu.

"Mficha maradhi kilio humuumbua," nikawaambia. "Ni methali ya zamani, siyo yangu. Na kilio kilichomuumbua Skolastika hakikuwa changu. Kilikuwa cha huyu."